Kinywaji cha Mgeni

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema wahenga wetu. Methali hii tunaitamka kila siku, lakini ni mara chache tunaposimama na kujiuliza: mwenyeji anapona nini? Jibu la kwanza ni la tumbo. Mgeni afikapo, jogoo huchinjwa, na watoto wa nyumba ambao kwa siku nyingi wamekula mboga za majani nao hupata kipapatio. Jibu la pili ni la moyo, nalo ni zito zaidi. Mgeni humponya mwenyeji maradhi ya kujitazama mwenyewe. Kwa muda wa mlo mmoja mwenyeji hulazimika kujiuliza: huyu hupenda nini, huchukia nini, ametoka wapi, na atarudije kwake?

Katika insha hii tutaichunguza maana hiyo ya pili kwa njia ya jambo linaloonekana dogo, yaani uchaguzi wa kinywaji kinachoandamana na chakula cha mgeni. Tutasema kuhusu divai, ambayo wengine huiita mvinyo, kwa kuwa ndicho kinywaji kilichozungukwa na kanuni nyingi kuliko vyote, na pia ndicho kinachowatia watu wengi wasiwasi. Lakini swali letu si la wanywaji wa divai peke yao. Swali lenyewe ni hili: mwenyeji anapochagua kinywaji, anachagua kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mgeni, au kwa ajili ya sifa yake mwenyewe?

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja iliyoenea, kwamba kulinganisha kinywaji na chakula ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi tulikuwa tukinywa chochote na chochote. Dhana hiyo si kweli. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Huko Mogadishu alikuta desturi kwamba jahazi likiingia bandarini, vijana wa mji hulijia kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, alikaribishwa na mtawala. Aliandika kwamba aliletewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake ziliwekwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na katika chombo kingine maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mlaji akila tonge la wali, alifuatiliza kidogo cha ile achari.

Tuutazame mlo huo vizuri. Samli ni nzito, na uchachu wa malimau na wa maziwa ya mgando huukata uzito huo. Pilipili huchoma, na maziwa hupoza. Aliyeupanga mlo ule alikuwa na elimu ya ulimi. Elimu hiyo ingali hai. Kule Unguja halua, ambayo ni tamu mno, huandamana na kahawa chungu isiyotiwa sukari, katika vikombe vidogo. Kila kimoja humfanya mwenziwe astahimilike. Mlaji wa ugali wa moto huteremshia mtindi. Katika Kagera, Wahaya humpa mgeni punje za kahawa zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, azitafune taratibu huku mazungumzo yakiendelea. Hapo kilicholinganishwa na kahawa ni maneno, wala si chakula. Wachaga waliotia gome la msesewe katika mbege, ambayo hutengenezwa kwa ndizi na ulezi, walijua kwamba utamu usio na uchungu kidogo huchosha upesi.

Kwa hiyo divai haikutukuta tukiwa hatuna akili ya mambo haya. Ilitukuta tuna kanuni zetu, nayo ikaja na zake. Zile zake zinazojulikana zaidi ni mbili: divai nyekundu kwa nyama, na divai nyeupe kwa samaki. Wapo wanaozikariri kama sala, na wapo wanaozicheka. Wote wawili hukosea, kwa sababu hawakuuliza kanuni hizo zimetoka wapi.

Divai nyekundu hupata rangi yake katika maganda ya zabibu, na katika maganda na mbegu hizo hupata pia ukakasi. Ukakasi tunaujua: ni ule ukavu wa ulimi anaoupata mtu aliyeng'ata ndizi mbichi au bibo la mkorosho. Vitu vinavyoleta ukakasi hushikamana na protini zilizomo katika mate, na ulimi ukakosa utelezi. Mtu anapokula nyama yenye mafuta, mafuta na protini za nyama hupunguza makali hayo, na divai nayo huusafisha ulimi. Divai nyekundu ikikutana na samaki mwenye mafuta, mara nyingi madini ya chuma yaliyomo katika divai huchanganyika na mafuta ya samaki, na harufu ya shombo ikatokeza. Divai nyeupe ina uchachu, nayo humtendea samaki kile kinachotendwa na limau. Hii ndiyo sababu yenyewe, wala hakuna uchawi ndani yake. Mama wa pwani anayekamulia ndimu juu ya changu wa kukaanga anaijua kanuni ya divai nyeupe, hata kama hajaonja divai maishani mwake wala hana nia ya kuionja.

Mtu akiijua sababu, anaweza kuitumia kanuni kwa chakula chake mwenyewe. Chakula chenye pilipili nyingi hakipatani na divai kali, kwa kuwa kileo huongeza mwako wa pilipili mdomoni. Divai nyepesi yenye utamu kidogo hufaa zaidi. Samaki wa kupaka, aliyelainishwa kwa tui la nazi, huhitaji kitu chenye uchachu wa kulikata tui. Nyama ya mbuzi iliyochomwa juu ya makaa huweza kustahimili divai nyekundu yenye ukakasi. Lakini mtu asiyejua sababu hubaki mtumwa wa kanuni. Mfano mzuri ni agizo la vitabu vya Ulaya kwamba divai nyekundu inywewe katika joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha nchi ya baridi, ambacho huwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari huweza kupita nyuzi 30. Mwenyeji anayeitii kanuni hiyo neno kwa neno humpa mgeni wake divai vuguvugu inayopanda puani kwa ukali wa kileo, huku akiamini kwamba ametenda jambo la kistaarabu. Angeitia chupa katika maji ya mtungi kwa muda angekuwa ameivunja kanuni na kulitimiza kusudi lake.

Hapa ndipo swali la ladha linapogeuka kuwa swali la maadili. Kanuni inayofuatwa bila sababu hukosa kazi ya kumfaa mlaji. Basi hutafutiwa kazi nyingine, nayo mara nyingi huwa ni kubagua watu. Tumewaona watu wanaomcheka mgeni kwa sababu ameshika bilauri vibaya, au ametia soda katika divai, au ametamka vibaya jina la kijiji fulani cha Ufaransa. Mwenyeji wa namna hiyo amemwalika mwenziwe mezani akamfanyia mtihani. Yafaa akumbushwe kwamba Wagiriki wa kale, ambao Ulaya inawahesabu kuwa walimu wake, walichanganya divai na maji, na waliona kwamba kuinywa bila maji ni desturi ya washenzi. Adabu ya zama moja ni aibu ya zama nyingine. Kisichobadilika ni kwamba kumwaibisha mgeni ni uovu katika kila zama.

Pengine msomaji atasema: ikiwa uchaguzi una hatari zote hizi, kwa nini mwenyeji asimwulize mgeni tu anataka nini? Swali hili lina uzito, na jibu lake si jepesi. Katika mila zetu nyingi, kumwuliza mgeni kama atakula au atakunywa ni karibu sawa na kumnyima. Mgeni mwenye adabu akiulizwa, "Baba, utakunywa nini?" hujibu, "Maji tu yatosha, mwanangu," hata kama koo limemkauka. Adabu inamkataza kuomba. Kwa hiyo mwenyeji anayeuliza kisha akaridhika na jibu la kwanza ameutupa mzigo wake juu ya mabega ya mgeni. Lakini kutouliza nako kuna ubaya wake. Nchi yetu ni ya watu wa dini na miiko mingi. Yupo ambaye dini yake imemharamishia kileo. Yupo mjamzito. Yupo anayetumia dawa zisizopatana na kileo. Yupo aliyekuwa mlevi akaacha, na ambaye kila bilauri inayowekwa mbele yake ni vita anavyopaswa kuvipigana upya mbele ya watu wanaotabasamu. Kumwekea mtu wa namna hiyo divai bila kuuliza, kisha kumsihi "onja kidogo tu," ni ukatili uliovishwa nguo za ukarimu.

Nadhani njia ya haki imo katikati, nayo yaweza kuelezwa kwa maneno machache: mwenyeji aulize kuhusu kinachoweza kumdhuru mgeni, na achague mwenyewe kuhusu kinachoweza kumpendeza. Lile la kwanza ni haki ya mgeni, na halipaswi kuachwa kwa kubahatisha. Laweza kuulizwa kwa faragha, kabla ya siku ya mlo, kupitia rafiki au ndugu, bila kumfanya mtu ajieleze mbele ya kadamnasi. La pili ni kazi ya mwenyeji, na asilikwepe, kwa kuwa katika kulifikiria ndimo umo ukarimu wenyewe. Mgeni anayeona kwamba kinywaji kimeandaliwa kwa kumfikiria yeye hupata kitu ambacho hakimo ndani ya bilauri.

Kutokana na hayo latokea jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, hasa mijini. Katika karamu nyingi wanywaji wa divai huandaliwa kwa uangalifu mkubwa: chupa huchaguliwa, hupozwa, hufunguliwa kwa heshima. Asiyekunywa kileo hupewa soda ya moto iliyobaki katika kreti, tena baada ya wengine wote kuhudumiwa. Hapo pamekuwa na wageni wa daraja la kwanza na wa daraja la pili katika meza moja. Kama kweli tunaijua elimu ya kulinganisha kinywaji na chakula, basi elimu hiyo haina sababu ya kukomea kwenye kileo. Ukwaju una uchachu unaoweza kuukata mnofu wa nyama yenye mafuta. Juisi ya ubuyu ina uchachu wa namna yake, na tangawizi ina makali yanayochangamsha ulimi. Maji ya dafu, kwa upole wake, hayamshindi samaki. Maziwa hupoza pilipili kuliko divai yoyote iwezavyo. Togwa iliyotengenezwa vyema kwa unga na kimea ni kinywaji cha mtu mzima na cha mtoto, cha Mwislamu na cha Mkristo. Mwenyeji anayefikiri juu ya ukwaju kwa bidii ile ile anayofikiri nayo juu ya divai ametenda haki. Na hiki ndicho kipimo rahisi cha kuujua ukarimu wa kweli: tazama anachopewa yule ambaye hawezi kumletea mwenyeji sifa yoyote.

Lipo pia suala la asili ya kinywaji, kwa kuwa mtu anapochagua chupa huchagua pia jasho la nani atalithamini. Mizabibu ya Dodoma ilitokana na wamisionari wa Kitaliano waliokuwa huko Bihawana katika miaka ya 1950. Nchi ya Wagogo ni kavu, lakini ukavu huo, ambao ni adha kwa mahindi, umekuwa rafiki wa mzabibu. Na kwa kuwa hapana majira ya baridi kali ya kuulaza mmea, mkulima akipogoa kwa wakati wake huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Watu wengi hawajui kwamba hili ni jambo la nadra duniani. Hata hivyo, wapo wenyeji ambao huificha divai ya Dodoma kabatini mgeni wa heshima anapofika, wakaitoa ile iliyotoka ng'ambo, si kwa sababu wamezionja zote mbili, bali kwa sababu ya maandishi ya kibandiko. Huko ni kujidharau. Mwacha mila ni mtumwa, na anayeacha kuuamini ulimi wake mwenyewe ameingia katika utumwa ulio wa ndani zaidi.

Lakini tusikimbie kosa hilo tukaangukia kosa la upande wa pili. Wapo wanaosema kwamba kila kitu cha nyumbani ni bora kwa kuwa ni cha nyumbani, na kwamba kukisema vibaya ni usaliti. Wahenga walikwisha kuwajibu hao, tena kwa mfano wa kinywaji: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa isiyo na ukweli humharibu mtengenezaji. Divai ikiwa imechacha, ikiwa imetunzwa vibaya au kutengenezwa kwa haraka, anayeisifu kwa ajili ya uzalendo hamsaidii mkulima wa Dodoma hata kidogo. Anamwondolea sababu ya kurekebisha. Zabibu ni tunda lisilongoja. Likikosa mnunuzi huoza, na mwaka mzima wa kupalilia na kupogoa hupotea. Kitakachompatia mkulima soko la kudumu ni divai ambayo mtu huinunua mara ya pili kwa kupenda, baada ya kuinunua mara ya kwanza kwa uzalendo. Basi kumwonjesha mgeni divai ya nyumbani kwa haki, kumsikiliza asemapo ukweli, na kuufikisha ukweli huo kunakohusika, ni utumishi kwa taifa kuliko makofi.

Sasa tuje kwenye kiasi. Ukarimu wa mila zetu hupenda wingi: mgeni ashibe, na chakula kibaki. Kanuni hiyo ni njema kwa wali, lakini kwa kileo ni ya hatari. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kabisa kwa afya. Mtu mzima anaweza kuyasikia hayo na bado akachagua kunywa, maana ni hiari yake. Lakini mwenyeji anayeijaza tena bilauri kabla haijaisha, au anayemdhihaki mgeni aliyesema "yatosha," anamnyang'anya mgeni hiari hiyo. Katika mazungumzo ya Plato juu ya karamu, wageni walipokusanyika wengi wao walikuwa wangali na uchovu wa ulevi wa siku iliyotangulia, nao wakakubaliana kwamba siku hiyo kila mtu anywe apendavyo, pasiwe na kulazimishana. Mapatano hayo ndiyo yaliyowapa nafasi ya kuzungumza kwa akili usiku ule. Aidha, wajibu wa mwenyeji haukomi mlangoni. Mgeni aliyekunywa kwako na anayetaka kuendesha gari au pikipiki usiku angali mgeni wako mpaka atakapofika kwake. Mkeka wa kulala ni sehemu ya mlo huo.

Katika jamii zetu nyingi ipo desturi kwamba anayemkaribisha mwenziwe pombe hutangulia kuonja yeye mwenyewe, kisha hukikabidhi kibuyu. Kwa kawaida husemwa kwamba alifanya hivyo kuonyesha kuwa hakuna sumu. Ni kweli, lakini maana yake ni pana zaidi. Kwa kitendo hicho mwenyeji hutamka: ninachokupa wewe ni kile kile ninachokubali kiniingie mimi, baya lake na jema lake tutalishiriki pamoja. Mwenye kukopa ili anunue chupa ambayo yeye mwenyewe haonji, ili majirani waione mezani, hawezi kuyatamka maneno hayo. Ndiyo maana tukaambiwa kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tuliuliza: mwenyeji huchagua kwa ajili ya nani? Jibu si kwamba elimu ya divai ni majivuno, wala si kwamba kutojua ni unyenyekevu. Elimu ni njema, na anayeijua sababu ya ukakasi na uchachu anaweza kumpendeza mgeni kuliko asiyeijua. Ila elimu hiyo ni mtumishi, na mtumishi hujulikana kwa yule anayemhudumia. Ikimhudumia mgeni, hata bilauri ya ukwaju huwa ni heshima. Ikimhudumia mwenyeji, hata divai ya gharama kubwa huwa ni tusi.

Kwa walimu na wanafunzi watakaosoma maneno haya, hakuna haja ya chupa ili kuyajadili. Wanafunzi hawajafikia umri wa kileo, na somo hili halikitaki. Yatosha kila mmoja kwenda nyumbani na kuwauliza wazee: mgeni akija, tulimpa nini anywe, pamoja na chakula gani, na kwa nini? Atakayeuliza hilo la mwisho, la kwa nini, na asikubali kujibiwa kwamba ni mila tu, atakuwa ameanza kuifahamu mila yenyewe.